Mchezo wangu wa bao haupakuliwi: je, kosa ni la picha ya skrini?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Columbus, Ohio, darasa la 11. Nimeandika mchezo wa bao kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwenye kikokotoo changu cha TI-84 Plus, kwa kanuni alizonifundisha babu, nikauweka kwenye hifadhi ya michezo ya vikokotoo. Wiki hiyo hiyo mwenzangu wa darasani aliweka mchezo wa nyoka aliouandika kwa siku mbili tu. Wake unapakuliwa kila siku, wangu karibu hakuna anayeugusa. Rafiki zangu wanasema tatizo ni picha ya skrini niliyoiweka. Kweli picha ndogo kama ile inaweza kuamua mambo hivyo? Na kama ni kweli, nifanye nini bila kuwadanganya watu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kukuandikia nimeupakua mchezo wako, nikauingiza kwenye TI-83 Plus yangu ya zamani, nikacheza mara tatu. Nimefungwa mara mbili. Nakuambia hilo mapema ili ujue kwamba ninayoyasema hayatokani na kasoro ya kazi yako, kwa maana kazi ni nzuri. Unakwama kwenye kile mtu anachokiona kabla hajabonyeza kupakua, na hapo picha ina sehemu kubwa. Ila rafiki zako wamekosea sababu. Wao wanadhani picha ya nyoka inapendeza kuliko yako. Nimeiangalia: ni mstari mmoja uliopinda na nukta moja pembeni. Haipendezi hata kidogo, na bado inavuta watu. Nitaeleza kwa nini, lakini kuna mambo ya kutangulia.

Wasomaji wengi wa hapa wakisikia kikokotoo wanafikiria fx-82MS ya shuleni, ile isiyopokea kitu chochote kutoka nje. Huyu kijana anazungumzia vikokotoo vya grafu vya Texas Instruments, ambavyo wanafunzi wengi wa sekondari Marekani wanavibeba kwenye mkoba kila siku. Vina skrini pana, vina kumbukumbu, vina lugha yao ya kuandikia programu na tundu la waya. TI-81 ilitoka 1990, TI-83 mwaka 1996, TI-83 Plus mwaka 1999, TI-84 Plus mwaka 2004. Huku kwetu Afrika Mashariki utavikuta zaidi kwenye shule zinazofuata mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), ambao unamtaka mwanafunzi wa hisabati awe na kikokotoo cha grafu. Vijana wameviandikia michezo tangu zamani, na hifadhi kubwa kuliko zote, ticalc.org, ipo tangu 1996.

Mimi nilifika Marekani 2001, na mchezo wangu wa kwanza sikuupata kwenye intaneti. Niliupata kwa waya. Kijana aliyekaa nyuma yangu darasani alikuwa anacheza Phoenix, ule mchezo wa kupiga ndege angani ulioandikwa na Patrick Davidson. Nilimwangalia akicheza kwa dakika kama tano, nikamwomba, akatoa waya mfupi, akachomeka ncha moja kwake na nyingine kwangu, ikaisha. Angalia jinsi nilivyochagua mchezo ule. Niliuona ukitembea. Niliuona kwenye skrini ileile ambayo ningechezea, nikaona vidole vyake viko kwenye vitufe gani, nikaona anavyokasirika akifa na anavyoanza tena palepale. Wakati ninaamua kuuomba, nilikuwa najua karibu kila kitu kuuhusu.

Mtu anayechagua mchezo kwenye hifadhi hana yule kijana wa nyuma. Ana jina la faili, na jina la programu kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus halizidi herufi 8, kwa hiyo halielezi mengi. Ana maelezo ya mistari miwili ambayo kila mwandishi anajisifu humo kwa maneno yaleyale. Ana ukubwa wa faili. Na ana picha. Picha ndiyo inayoshika nafasi ya rafiki, na ndiyo maana inabeba uzito mkubwa kiasi hicho.

Sasa ni rafiki wa namna gani? Kwa vikokotoo picha ya skrini ina tabia ambayo haina kwingineko. Skrini ya TI-83 Plus na ya TI-84 Plus yako ina nukta 96 kwa 64, yaani nukta 6,144 kwa jumla. Kila nukta ama inawaka ama imezimwa, na skrini nzima inatosha kwenye baiti 768. Ukipiga picha ya skrini hiyo, unakuwa umechukua kila nukta iliyopo. Hakuna kilichopunguzwa, hakuna rangi iliyokolezwa, na huwezi kuchagua pembe nzuri. Mchezo wa simu unaweza kutangazwa kwa mchoro ambao hutauona hata siku moja ukiucheza. Picha halisi ya mchezo wa kikokotoo ni skrini yenyewe. Kwa upande wa nafasi, basi, picha hii ni shahidi mwaminifu sana. Inapotuangusha ni kwenye wakati. Haisemi mchezo unakwenda kwa kasi gani, nyoka anaitika kitufe baada ya muda gani, unasubiri sekunde ngapi adui afikirie, unaweza kuondoka kengele ya shule ikilia na kurudi ulipoishia au la. Mchezaji mzoefu anajua kwamba mambo hayo ndiyo yanayofanya mchezo ubaki kwenye kikokotoo zaidi ya siku mbili. Na yote hayamo kwenye picha.

Chukua kasi. TI-83 Plus inakwenda kwa megahezi 6, TI-84 Plus kwa 15. Faili la programu, lenye jina linaloishia na .8xp, ni lilelile, skrini ni ileile ya 96 kwa 64, picha haina tofauti hata ya nukta moja. Lakini mchezo wa BASIC unaokwenda vizuri kwenye yako, kwenye yangu unakwenda kwa chini ya nusu ya kasi hiyo. Au chukua lugha. Mchezo wa BASIC na mchezo wa asembli, lugha iliyo karibu zaidi na kichakataji chenyewe, vinaweza kutoa picha zinazofanana kabisa, halafu kimoja kikachora skrini upya mbele ya macho yako kipande kwa kipande na kingine kikateleza kama maji. Ndiyo maana ticalc.org imetenga michezo ya BASIC na ya asembli kwenye mafungu tofauti, na anayejua huangalia kwanza mchezo uko fungu gani kabla hajaiamini picha.

Kuna jambo la kijivu, na hapa niruhusu nikae kidogo kwa sababu lilinigharimu. Skrini hizi hazina kijivu, zina nyeusi na tupu basi. Waandishi wa asembli waligundua kwamba ukibadilisha picha mbili haraka sana, nukta inayowaka kwenye moja na kuzimwa kwenye nyingine, jicho litaona kijivu, kwa kuwa kioo cha aina hii ni kizito kuwaka na kizito kuzimika. Ukizipa picha hizo muda usio sawa unapata ngazi nne za mwanga. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ila ukiona picha ya mchezo kama huo kwenye hifadhi, kijivu kimetulia, laini, kama gazeti zuri, kwa sababu programu ya kompyuta imezichanganya picha zile na kuzituliza. Kwenye kikokotoo chenyewe kijivu hicho kinatetemeka, na betri zikichoka kinatetemeka zaidi. Mwaka 2002 nilipakua mchezo kwa sababu ya picha ya msitu wenye vivuli. Sikusoma maelezo hata mstari mmoja. Niliuingiza, nikaufungua, skrini ikajaa mistari, kisha ikaandika kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda, imefutwa. Nilikuwa na programu zangu mwenyewe humo, kazi ya miezi mitatu, na sikuwa nimezihamishia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mchezo ule ulikuwa wa TI-83, siyo TI-83 Plus. Skrini zao ni sawa, 96 kwa 64 zote mbili, kwa hiyo picha isingeweza kuniambia. Kiambishi cha faili kingeniambia: .83p ni ya TI-83, .8xp ni ya TI-83 Plus na TI-84 Plus. Mimi nilikuwa natazama msitu.

Tangu siku ile nina mazoea ya kupima picha kabla ya kuipenda. Ukubwa wake unakutajia ukoo wa kikokotoo. 96 kwa 64 ni ukoo wa 82, 83 na 84. 128 kwa 64 ni TI-85 na TI-86. 160 kwa 100 ni TI-89. 240 kwa 128 ni TI-92 na ndugu zake. 320 kwa 240 yenye rangi ni vile vipya, kama TI-84 Plus CE ya 2015. Kama picha imekuzwa mara mbili au tatu, gawanya. Baada ya hapo angalia kiambishi cha faili. Mambo mawili hayo yanachukua sekunde kumi, na wenye CE wanahitaji la tatu: mfumo wa kikokotoo chao ni toleo gani, kwa sababu kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 Texas Instruments iliondoa uwezo wa kuendesha programu za asembli kwenye vikokotoo hivyo. Picha nzuri ya rangi haitakuambia kwamba mchezo hautafunguka kwako.

Haya, turudi kwa nyoka. Picha haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na kitu kilichomo tayari kichwani mwa anayeitazama. Nyoka aliingia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, kisha akaja kwenye 3310, simu zenye skrini ya nukta 84 kwa 48, ndogo kuliko ya kikokotoo chako. Watu wa Ohio wamemcheza, watu wa Mwanza wamemcheza, na wadogo zao wamemkuta kwenye simu mpya. Mtu akiona mstari uliopinda na nukta, haitazami picha hiyo kama picha. Anakumbuka. Anajua atafanya nini, atakufa vipi, na raha yake ikoje. Mwenzako hakuhitaji picha nzuri. Alihitaji picha inayotambulika tu. Ndivyo ilivyo kwa Tetris, na ndivyo ilivyo kwa Block Dude, ambaye alikuja tayari ndani ya vikokotoo vingi vya TI-84 Plus na kila mwanafunzi amemwona akibeba matofali yake. Michezo hii inasafiri kwa kumbukumbu, na picha ni kadi yake ya utambulisho.

Bao lako halina kumbukumbu hiyo kichwani mwa kijana wa Ohio. Kwa mzee wa Zanzibar, safu nne za mashimo manane hazihitaji maelezo. Hata ukimchorea kwa kidole mchangani atavuta kigoda akae. Lakini mzee huyo hana TI-84 Plus. Aliye nayo akiona safu nne za tarakimu anaona jedwali, na jedwali kwenye kikokotoo ni kitu cha mwalimu. Kwa hiyo kazi ya picha yako ni tofauti kabisa na kazi ya picha ya mwenzako. Yake inakumbusha. Yako inatakiwa ifundishe, tena kwa nukta 6,144.

Na wewe umeweka nini? Umeweka ukurasa wa kufungulia. Herufi tatu, BAO, katikati, na chini yake agizo la kubonyeza ENTER. Nadhani uliuchagua kwa sababu ndio uliouchora kwa uangalifu zaidi, na ninaelewa. Waandishi wengi wanafanya hivyo. Lakini picha hiyo haina mchezo ndani yake. Haimwambii mtu kama hiki ni mchezo wa kupigana, wa karata au wa maswali. Kwa asiyejua Kiswahili hata neno lenyewe ni kelele tupu. Mtu anapitia michezo thelathini jioni moja, picha isiyojibu swali la "nafanya nini hapa?" anaipita, na hatakumbuka kwamba aliipita.

Nimeona pia kwamba toleo lako linaanza na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. Ukiwaza kuweka picha ya ubao ulivyo mwanzo, usiiweke. Ni tarakimu 2 mara thelathini na mbili. Hata mimi ninayelipenda bao nimeipita kwa jicho bila kusimama.

Kitu ambacho hujakitumia, na ambacho kilinifanya nitabasamu nilipokihesabu, ni jinsi ubao ulivyoukaa mwili wa kikokotoo hiki. Skrini ya maandishi ya TI-84 Plus ina safu 8 za herufi 16. Bao lina mashimo 8 kwa urefu na safu 4. Kila shimo linapata herufi mbili kwa upana na mistari miwili kwa kimo, kamili, bila chembe kubaki. Herufi mbili zinatosha kuandika hadi 99, na kete zote za bao ni 64. Ni kana kwamba aliyepanga skrini ile alikuwa ameketi barazani. Umeutumia mpangilio huo na umefanya vizuri. Usishawishike kuuhamishia kwenye skrini ya grafu ili "upendeze", kwa sababu BASIC haifiki nukta zote huko: unapata 95 kwa 63 tu, na mashimo manane ya nukta 12 yanataka 96. Utaishia kubana shimo moja, na ubao utaonekana umepinda.

Ila una mistari miwili kwa kila shimo na unatumia mmoja tu. Ule wa pili uko tupu. Hapo ndipo pa kuweka alama za kuutofautisha ubao na jedwali: mabano kuzunguka nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, kimshale chini ya shimo ambalo mkono uko juu yake. Kimshale hicho kitamsaidia mchezaji, na kwenye picha kitafanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu kinamwambia mtazamaji kwamba kuna mtu anayechagua. Picha yenye mahali pa kusimama mchezaji inasomeka kama mchezo mara moja. Nyoka ana kichwa, ndege ya Phoenix iko chini katikati, Block Dude ana kofia yake. Kwenye bao lako, mchezaji yuko wapi? Hayupo. Mweke.

Sasa picha ya kipindi gani? Ningechagua katikati ya mchezo, kabla tu ya mtaji mkubwa, yaani zamu ya kula kete nyingi. Upande mmoja uwe na nyumba iliyojaa, tuseme kete 11, na mashimo mengine ya mbele yawe yamekonda, 1 hapa, 0 pale. Upande wa pili kuwe na shimo lililoshiba linalotazamana na hatari. Kutokuwa sawa kwa tarakimu ndiko kunakozaa swali kichwani mwa mtu asiyejua kanuni hata moja: mbona huyu ana nyingi kiasi hiki pale? Nini kitatokea? Hilo swali likishazaliwa umempata.

Halafu, na hili ndilo ningetaka ulichukue hata ukiacha mengine yote, mchezo wako unahitaji picha inayotembea. Nimesema picha imesimama nje ya wakati. Nyoka anaweza kuvumilia hilo, kwa kuwa mtazamaji anamtembeza mwenyewe kichwani. Bao haliwezi. Uzuri wote wa bao uko kwenye mkono: kuchota, kudondosha moja moja, kufika shimo lenye kete, kuchota tena, kuendelea, kula, kugeuka, mpaka kete ya mwisho ianguke kwenye shimo tupu na mkono ulale. Mtu akiuona mkono mmoja mzima kwa macho yake, hata bila neno la maelezo, atakuwa ameelewa nusu ya mchezo. Na tazama bahati yako: BASIC ni nzito, na kwa michezo mingi huo ni msiba, lakini kete zinazodondoka polepole kwenye kikokotoo chako zinakwenda karibu na mwendo wa mkono wa mtu. Udhaifu wa lugha umekuwa mdundo wa mchezo.

Jinsi ya kuirekodi. Programu ya TI Connect na waya itakupa picha moja iliyosimama, haitoshi. Tumia Wabbitemu, programu inayoiga kikokotoo kwenye kompyuta, ambayo inaweza kuhifadhi GIF inayotembea. Itakuomba nakala ya mfumo wa kikokotoo, na hiyo itoe kwenye TI-84 Plus yako mwenyewe. Usiichukue mtandaoni, kwa sababu ni mali ya Texas Instruments. Hakikisha inaiga kwa kasi ya kawaida, kwani ukiisahau kwenye kasi kubwa utatoa bao linalokimbia kama cherehani. Rekodi mkono mmoja tu, sekunde nane hadi kumi na mbili, kisha acha ubao utulie sekunde moja kabla haijaanza upya ili jicho lipumzike.

Muda kati ya fremu kwenye GIF unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ukiweka sifuri au 1 ukidhani unaharakisha, vivinjari vingi vitaigeuza kuwa 10, na picha yako itakwenda polepole kuliko mchezo wenyewe. Nimeona michezo mizuri ya asembli ikionekana mizito kama gari la ng'ombe kwa kosa hilo dogo. Wewe uko kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo pima kete moja inachukua muda gani kwenye kikokotoo halisi na uandike muda huohuo.

Ukitaka kuikuza, kuza mara mbili au mara tatu kamili, 192 kwa 128 au 288 kwa 192, na uiambie programu isilainishe kingo. Ukikuza mara moja na nusu, nukta nyingine zitakuwa nene na nyingine nyembamba, na tarakimu 8 itafanana na 6. Usihifadhi kwa JPEG. JPEG iliundwa kwa ajili ya picha za kamera na inapaka ukungu kuzunguka kila mstari mkali. Kwa nukta nyeusi na nyeupe tumia GIF au PNG.

Umeuliza kuhusu kudanganya, na nimefurahi umeuliza. Picha ya mchezo wako haiwezi kudanganya kwa nafasi, nimeshaeleza. Inaweza kudanganya kwa wakati, na kuna mahali pawili pa hatari. Pa kwanza ni zamu ya kikokotoo. Kwenye TI-83 Plus yangu kilifikiria karibu dakika nzima kabla ya kucheza zamu moja. Kwenye yako lazima ni muda mfupi zaidi, lakini si papo hapo. Ukiikata subira hiyo kwenye GIF, mtu atapakua mchezo wa haraka na kukuta mchezo wa subira. Unaweza kuikata, sioni ubaya, maana hakuna anayetaka kutazama skrini iliyoganda. Ila andika kwenye mstari wa kwanza kabisa wa maelezo: kikokotoo huchukua hadi sekunde kadhaa kufikiria, na utaje ni sekunde ngapi kwenye TI-84 Plus na ngapi kwenye TI-83 Plus. Anayependa michezo ya kufikiri hatakimbia. Anayekimbia angeufuta kesho yake.

Pa pili ni sehemu ambazo hujazimaliza. Nimeona kwenye maelezo yako unasema toleo lijalo litakuwa na hatua ya namua, ile ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja: kete kumi ubaoni, 6 kwenye nyumba na 2, 2 kwenye mashimo mawili yanayoifuata, na 22 mkononi kwa kila mchezaji. Usipige picha ya ubao huo kabla mchezo haujaweza kuucheza. Kuna miradi mingi ya michezo ya vikokotoo iliyoanza kwa mchoro mzuri wa skrini uliochorwa kwa mkono kwenye kompyuta, watu wakasubiri mwaka, miaka miwili, na mchezo haukuja. Mtu aliyevunjwa moyo hivyo mara mbili hamwamini tena mwandishi yule hata akileta kazi kamili.

Picha mpya itakuongezea wapakuaji, lakini usitarajie umpite nyoka kwa wiki moja. Idadi ya waliopakua nayo inatazamwa. Mtu akiona mchezo umepakuliwa mara mia nne anauamini kuliko uliopakuliwa mara tisa, anaupakua, na idadi inaongezeka tena. Mwenzako alipata msukumo wa siku za mwanzo na sasa idadi yake inajivuta yenyewe. Ukipakia toleo jipya lenye namua, unaonekana tena kwenye orodha ya mafaili mapya, na hiyo ndiyo siku ya kuwa na picha sahihi. Kwa hiyo usibadilishe picha leo halafu ukalete toleo jipya mwezi ujao. Vilete pamoja.

Kabla hujapakia, fanya jaribio hili. Watafute wanafunzi watano wasiolijua bao, wasiwe rafiki zako wanaotaka kukufurahisha. Waonyeshe GIF peke yake, bila jina na bila maelezo, iende mara moja tu. Waulize swali moja: mchezaji anafanya nini? Wakijibu kwamba anachota vitu kwenye shimo na kuvigawa kwenye mashimo yanayofuata, picha imefundisha. Wakisema "ni kama hesabu fulani", rudi kwenye kimshale na mabano ya nyumba, kisha watafute wengine watano. Usiwaulize kama inapendeza. Watasema inapendeza.

Jambo la mwisho halihusu picha, ila nimeliona nikicheza. Nilipokula kete kutoka shimo la tatu, programu yako ilizianzisha upande wa kushoto, na mkono ukaingia kwenye nyumba yangu ukaichota bila kunipa nafasi ya kusimama. Kagua masharti yako mahali hapo, na umuulize babu anavyoitaka nyumba ichezwe. Ukishasahihisha nitumie faili la .8xp. Betri nne za AAA nimeshaziweka, na programu zangu safari hii ziko kwenye kumbukumbu ya kudumu.